Vitenzi vya Kiitaliano: mkazo ndo unaoamua kila kitu, na sisi Waswahili ndo tunapokwama (uzi mrefu, karibuni tujadili)

Mleta uzi

Wakuu habari za muda huu. Nyuzi za Kiitaliano humu zipo ila nyingi ni za salamu na maswali ya viza, leo nataka tukae kwenye kitu kimoja tu, vitenzi, na ndani ya vitenzi naongelea mkazo, yaani ile silabi inayotamkwa kwa nguvu na kuvutwa kuliko wenzake. Naona watu wanakariri majedwali miezi na miezi, io parlo, tu parli, lui parla (naongea, unaongea, anaongea), kwenye karatasi wako vizuri kabisa, ila wakifungua mdomo Muitaliano anauliza "come?", yaani "unasemaje?", afu mtu anadhani tatizo ni lafudhi.

Lafudhi sio tatizo letu kivile. A e i o u zetu na zao zinakaribiana sana, silabi nyingi zinaishia na irabu kama zetu, ndo maana Mswahili akisoma Kiitaliano siku ya kwanza anasikika vizuri kuliko mtu aliyezoea Kiingereza tu. Tatizo ni kwamba lugha yetu imetuzoesha tangu utoto kwamba mkazo unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, basi, hakuna mjadala. SO-ma, so-ME-sha, so-me-SHA-na, so-me-sha-NE-ni. Ukiongeza kitu nyuma mkazo unasogea wenyewe, hata hufikirii. Maneno yanayokataa unayahesabu, kama barabara ya kupita magari, ba-ra-BA-ra, na barabara ya "sawasawa", ba-RA-ba-ra.

Sasa Kiitaliano nacho maneno mengi yako hivyohivyo, wao wanayaita piane. Par-LA-re, par-LIA-mo, par-LA-te. Hapo Mswahili anateleza bila shida. Anafika kwenye "wao wanaongea", parlano, anasema par-LA-no kwa kujiamini kabisa. Hapana. Ni PAR-la-no. Mkazo silabi ya tatu kutoka mwisho, neno la hivyo linaitwa sdrucciola. Na kuna ya nne kutoka mwisho, bisdrucciola, kama A-bi-ta-no, wanaishi. Mswahili atasema a-bi-TA-no na hapo ndo "come?" inapotoka.

Kanuni ya kwanza ninayowaombeni muikamate leo: kwenye wakati uliopo, loro (wao) hana mkazo wake, anachukua ule wa io (mimi). Ukijua mimi inatamkwaje umeshajua wao. A-bi-to, A-bi-ta-no. De-SI-de-ro, de-SI-de-ra-no. Te-LE-fo-no, te-LE-fo-na-no. Di-MEN-ti-co, di-MEN-ti-ca-no. Ule mkia wa -no unaning'inia tu nyuma, hauvuti kitu.

Naendelea ila kwanza nione kama kuna watu.

msomaji_wa_usiku

Tupo mkuu, shusha vitu. Swali, sasa mbona kwenye vitabu hawaweki alama ya kuonyesha mkazo uko wapi? Parlano imeandikwa tupu kama ilivyo, mtu atajuaje?

Mleta uzi

Swali zuri sana hilo mkuu na ndo chanzo cha matatizo yote. Kwa maandishi yao ya kawaida alama ni lazima pale tu mkazo unapoangukia silabi ya mwisho kabisa kwenye neno la silabi zaidi ya moja, yale wanayoyaita tronche. Parlò, aliongea. Dormì, alilala. Parlerò, nitaongea. Credé, aliamini. Maneno ya silabi moja mengi yanaenda bila alama, fa, va, sta, sto, fu, isipokuwa machache kama è ya "ni" na dà ya "anatoa", na può na più. Huko katikati ya neno hawaandiki kitu, wanaamini msomaji anajua.

Na ile alama ya mwisho usiione kama pambo jamani. Parlo ni mimi naongea, sasa hivi. Parlò ni yeye aliongea, zamani. Mtu amebadilika na wakati umebadilika, na kilichohama ni mkazo tu, PAR-lo na par-LÒ. Canto naimba, cantò aliimba. Mtu akikuandikia ujumbe akasahau alama kasahau nusu ya habari.

Mfano unaopendwa na walimu wote wa Kiitaliano ni neno capitano. CA-pi-ta-no, yanatokea, kutoka capitare. Ca-pi-TA-no, nahodha. Ca-pi-ta-NÒ, aliongoza kama nahodha. Herufi zilezile nane, matamshi matatu, na ni ile ya tatu tu inayoandikwa na alama.

Mimi binafsi napenda zaidi perdono, kwa sababu hii inaweza kukuingiza pabaya. PER-do-no ni wao wanapoteza, au wanafungwa kama ni mpira, kutoka perdere. Per-DO-no ni mimi nasamehe, kutoka perdonare, na pia ni msamaha wenyewe. Sasa umekaa na Muitaliano mnaangalia mechi timu yake imelala mbili bila, unataka kusema "wanafungwa" unatoa per-DO-no kwa mazoea ya Kiswahili, umemwambia unasamehe. Nyingine kama hiyo ni predico. PRE-di-co nahubiri, pre-DI-co natabiri. Ya kwanza predicare, ya pili predire, ambayo ni dire na kiambishi mbele, mkazo umebaki kwenye di- ileile ya DI-co.

mwana_watamu

Niaje wadau, mimi niko Watamu, na huku na Malindi Kiitaliano ni lugha ya kazi, Waitaliano wako hapa tangu enzi zile za roketi za San Marco pale Ngomeni miaka ya 60, hoteli zao, pizza zao, nyumba zao. Nasoma huu uzi nacheka kwa furaha kwa sababu mzee hicho unachofundisha sisi tulikiokota kwa sikio. Kijana wa beach hapa hajawahi kuona jedwali lolote lakini muulize "wanakaa wapi" atakwambia "dove A-bitano" sawasawa kabisa, hajui kwa nini, amesikia tu mgeni akisema hivyo. Lakini mwambie aandike sasa. Hapo ndio utaona parlo na parlò zote ni moja, mangiamo ameandika manjamo, che ameandika ke. Sisi mkazo tuko nao, maandishi ndio mtihani.

Na kitu kingine nimesikia hapa, wageni wa kaskazini, wa Milano na huko Veneto, hawasemi parlò kwenye mazungumzo, wanasema ha parlato hata kwa kitu cha miaka kumi iliyopita. Yule anayetoka Sicilia ndiye utamsikia na ile ya mkazo wa mwisho hata akisimulia cha jana.

Mleta uzi

Kaka wa Watamu umeongea kitu kikubwa sana na asante. Aliyejifunza kwa sikio anabeba mkazo kamili kwa sababu kwenye sikio mkazo ndo unaanza kuingia, maandishi yanafuata. Aliyejifunza kwa kitabu anabeba herufi na kuzivalisha mkazo wa nyumbani. Kwa hiyo ushauri wangu kwa wa vitabu ni huu: usikariri jedwali kimyakimya, hata siku moja. Lisome kwa sauti.

Na hilo la kaskazini na kusini ni kweli, passato remoto, yaani ule wakati uliopita wa parlò, kwenye maongezi iko hai Toscana na kusini, kaskazini imebaki ya kuandika hadithi na historia. Ila lazima uijue maana ukifungua kitabu chochote cha hadithi ndo utakayokutana nayo.

mtu_wa_Iringa

Mkuu kabla hujaenda mbali, tusaidie kwenye kukata silabi. Unasema ya pili kutoka mwisho, ya tatu kutoka mwisho, sasa kama mtu hajui silabi zinaishia wapi atahesabuje? Mimi studio naiona silabi tatu, stu-di-o. Mangio man-gi-o, tatu.

Mleta uzi

Ndugu yangu wa Iringa, hapo umegusa penyewe. Studio, nasoma, ni silabi mbili. STU-dio. Kwetu kila irabu ina silabi yake, ki-o-o, u-a, ta-a, tunatembea juu ya kila moja. Kwao i au u isiyo na mkazo ikikaa karibu na irabu nyingine inajikunja inakuwa kama y au w yetu. Kwa hiyo studio itamke kama STU-dyo, na studiano, wanasoma, STU-dya-no, silabi tatu. Ukisema stu-di-A-no umekosea mara mbili kwa mpigo, umezidisha silabi na umehamisha mkazo.

Mangio ni hadithi nyingine kidogo. Ile i hata haitamkwi, ipo kwenye maandishi tu kumwambia msomaji kwamba g ni ya j sio ya gari. MAN-jo. Lascio, naacha, LA-sho. Ndo maana ukienda kwa tu inakuwa tu mangi, i moja inatosha, na noi mangiamo. Kinyume chake pagare na cercare lazima waweke h, tu paghi, tu cerchi, ili g na k zisilainike. Mzizi kwenye sikio haubadiliki, ni maandishi ndo yanahangaika kuufuata.

Sasa angalia inviare, kutuma. Io invio. Hapa i IMEBEBA mkazo, in-VI-o, silabi tatu, haijikunji kwa sababu kilichobeba mkazo hakijikunji. Na ndo maana tu wake anaandikwa invii kwa i mbili, wakati studiare ni tu studi kwa i moja. Wanafunzi wengi wanakariri hii kama tofauti ya kuandika tu, wakati ni mkazo umeamua herufi ngapi zikae pale. Sciare, kuteleza kwenye theluji, ni hivyohivyo, io scio, tu scii.

Kuhusu konsonanti, moja kati ya irabu mbili inaenda mbele, pa-go, a-mo. Zikiwa mbili zinazofanana zinaachana, met-to, det-to. L, m, n, r zikitangulia konsonanti nyingine zinabaki nyuma, par-lo, pren-do, ven-do. Hapa angalia, sisi penda ni pe-nda, nd inaenda pamoja, wao ven-do inaachana, n inafunga silabi ya kwanza. Kufunga silabi sio kitu kigeni kwetu, maneno ya Kiarabu yametuzoesha, lab-da, mak-ta-ba, hivyo mdomo unajua. Pr, tr, gl, br na ndugu zao hazitenganishwi, a-pro, en-tro. Ch, gh, gn, gl ya gli na sc ya sci ni sauti moja, usikate, so-gno, vo-glio, la-scio.

S ndo mkorofi. Shuleni kule wanafundisha kwamba s na konsonanti inayofuata vyote vinaenda mbele, fi-ni-sco, a-spet-to, na ukikata neno mwisho wa mstari fanya hivyo. Ila wataalamu wa matamshi watakwambia kwenye mdomo s inafunga silabi ya nyuma, fi-nis-co, na ushahidi wao ni kwamba irabu yenye mkazo mbele ya s hiyo haivutwi. Irabu yenye mkazo kwenye silabi iliyo wazi katikati ya neno inavutwa, ca-de inasikika CAA-de. Kwenye silabi iliyofungwa inakuwa fupi. Na i ya finisco ni fupi. Mimi naona wa matamshi wana hoja, ila kwenye mtihani andika kama shule inavyotaka.

sista_mwanafunzi

Tumsifu Yesu Kristo ndugu zangu. Niko Roma kimasomo, tuko watawa na mapadri wengi huku kutoka Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo, na kwetu hili la mkazo sio la darasani tu maana tunapangiwa kusoma masomo kwenye misa mbele ya watu. Nataka niongezee mifano ambayo Wakatoliki humu mtaitambua.

Kwenye Baba Yetu ya Kiitaliano mstari wa mwisho unasema "liberaci dal male". Mtu mpya kutoka nyumbani anasoma li-be-RA-ci kila mara. Ni LI-be-ra-ci, ya nne kutoka mwisho kabisa. Kitenzi ni LI-be-ra, okoa, na -ci ni "sisi" wamebandika nyuma. Na kwenye "dacci oggi il nostro pane quotidiano", dacci ni da', utoe, na ci, ila c imekuwa mbili. Na maneno ya kuweka wakfu, "prendete, e mangiatene tutti", pren-DE-te, man-GIA-te-ne, afu "bevetene", be-VE-te-ne. Ukimsikiliza padri Muitaliano altareni utasikia -ne inapita haraka sana mwishoni, mkazo uko palepale ulipokuwa kabla haijabandikwa.

Mleta uzi naomba ulifafanue hili la kubandika maana wengi linatusumbua.

Mleta uzi

Milele amina dada, na mifano yako imezidi ya kwangu yote, liberaci hiyo ningeomba kila mtu humu aikariri kesho asubuhi.

Iko hivi. Kwetu "mimi, wewe, yeye" wa kutendewa anaingia kabla ya mzizi, ile ni ya ananipa, ile ki ya amekileta, na mwisho wa neno unabaki kama ulivyo. Wao kwenye kuamrisha, na kwenye infinitive (kitenzi cha "ku-", kama parlare, kuongea) na gerundio (umbo la -ando na -endo, kama parlando), wanabandika nyuma. Porta, leta. Portalo, kilete. Portamelo, niletee hicho. Mswahili akiona neno limerefuka nyuma anasogeza mkazo, por-TA-lo, por-ta-ME-lo, kwa sababu kwetu pi-ga ikiwa pi-ge-ni mkazo unasogea. Kwao vibandiko havina uzito kabisa. POR-ta, POR-ta-lo, POR-ta-me-lo. Mkazo umekaa pale ulipozaliwa, neno linakua nyuma yake. Chukua comunica, taarifu, co-MU-ni-ca, ubandike me na lo, co-MU-ni-ca-me-lo, nitaarifu hilo, hiyo ni ya tano kutoka mwisho. Trisdrucciola. Kwa Mswahili kulitamka inabidi usimame kwenye MU halafu uzimwage silabi nne zilizobaki kwa pumzi moja, laini, bila kuegemea yoyote.

Dacci ya dada ni kwamba vile vitenzi vifupi vya kuamrisha, da', fa', di', sta', va', vikibandikwa kitu konsonanti inajirudia. Dammi, dimmi, fammi, vacci, dimmelo. Isipokuwa gli, hiyo inabaki moja, digli, dagli.

Sasa nije kwenye kilichonifanya nifungue huu uzi, na hapa naomba utulivu kidogo.

Watu wanalia vitenzi visivyofuata kanuni ni vingi na havina kichwa wala miguu. Vado, vai, va, andiamo, andate, vanno. Mzizi umetoka vad- ukawa and- ukarudi. Esco, esci, esce, usciamo, uscite, escono. Devo, devi, deve, dobbiamo, dovete, devono. Siedo, siedi, siede, sediamo, sedete, siedono. Muoio, muori, muore, moriamo, morite, muoiono. Hebu viangalie vyote pamoja afu uniambie ni nani wanaofanana. Mimi, wewe, yeye na wao wako kundi moja. Sisi na ninyi wako kundi lingine. Kila mara.

Na sasa visome kwa sauti. E-sco, E-sci, E-sce, E-sco-no, mkazo uko kwenye mzizi. U-SCIA-mo, u-SCI-te, mkazo umeshuka kwenye mwisho. Mipaka ni ileile! Mzizi ukibeba mkazo unavaa sura moja, mkazo ukiondoka unavaa sura nyingine. Irabu iliyobebeshwa mkazo tangu Kilatini ilifunguka ikawa ie au uo, siedo, muore, ile isiyo na mkazo ikabaki ndogo, sediamo, moriamo. Baadaye mpangilio huo ukawa na nguvu hata pale ambapo sio suala la irabu tena, mpaka andare ukachanganya vitenzi viwili vya asili tofauti na vikagawana kwa mpaka uleule.

Na vile vya -isc-, finisco, capisco, preferisco, pulisco, ambavyo vinafundishwa kama kundi la peke yake? Finisco, finisci, finisce, finiamo, finite, finiscono. Kundi lilelile! -Isc- inaingia kwa mimi, wewe, yeye, wao, kubeba mkazo, fi-NI-sco, na kwa sisi na ninyi haihitajiki kwa sababu -iamo na -ite zina mkazo wao tayari. Kwa hiyo mzizi fin- haubebeshwi mkazo popote pale. Ukiliona hilo hukariri tena nani anapata -isc- na nani hapati.

Subjunctive ya sasa, umbo la kutaka au kudhani, nayo mtaona hivyohivyo, vada na vadano upande mmoja, andiamo na andiate upande mwingine.

msomaji_wa_usiku

Aisee. Nimesoma hii lugha mwaka mzima hakuna mtu alinionyesha huo mpaka. Dobbiamo nilikuwa naiona kama imetoka mbinguni. Na passato remoto je? Scrissi, scrivesti, hiyo mbona mgawanyo wake sio huo, huko ni mimi na yeye na wao tu, wewe anakaa na sisi.

Mleta uzi

Mgawanyo ni tofauti mkuu lakini aliyegawa ni yuleyule. SCRIS-si, SCRIS-se, SCRIS-se-ro, mzizi umebeba mkazo, mzizi umepinda. Scri-VE-sti, scri-VEM-mo, scri-VE-ste, mkazo uko mwishoni, mzizi umenyooka kama kwenye scrivere. Jaribu prendere, presi, prendesti, prese, prendemmo, prendeste, presero. Jaribu leggere, lessi, leggesti, lesse, leggemmo, leggeste, lessero. Jaribu venire, venni, venisti, venne. Essere, dare na stare wana mambo yao, waache pembeni.

Hata participio, lile umbo la parlato kwenye ha parlato. Vile vilivyonyooka mkazo uko nje ya mzizi, par-LA-to, dor-MI-to, cre-DU-to. Vile vilivyopinda mkazo uko ndani, PRE-so, SCRIT-to, LET-to, CHIU-so. Tena kuna dokezo kwenye infinitive yenyewe. Vitenzi vya -ere viko vya aina mbili ambazo maandishi yanazificha, ve-DE-re, te-ME-re, ca-DE-re upande mmoja, PREN-de-re, LEG-ge-re, SCRI-ve-re upande mwingine. Hawa wa pili, ambao mzizi umebeba mkazo tangu kwenye infinitive, ndo wengi wao wana participio iliyopinda. Sio wote, CRE-de-re na VEN-de-re wamenyooka, creduto, venduto, na ve-DE-re ana visto, ila ukikutana na kitenzi kipya cha -ere na ukasikia mkazo uko mzizini, jiandae.

Hiyo tofauti asili yake ni Kilatini, kulikuwa na kundi la -ēre yenye e ndefu na kundi la e fupi, e ndefu ikabeba mkazo. Ila njiani baadhi wamehama. Kuanguka na kujua walikuwa wa e fupi, leo ni ca-DE-re na sa-PE-re. Kucheka na kujibu walikuwa wa e ndefu, leo RI-de-re na ri-SPON-de-re.

mwana_watamu

Mzee na zile konsonanti mbili? Huku tunasema tu vedremo kwa yote. Mteja akaniambia kuna vedremo na vedremmo, nikasema ni kitu kimoja.

Mleta uzi

Sio kitu kimoja kaka na kwa biashara ni muhimu sana. Vedremo, tutaona. Vedremmo, tungeona. Compreremo tutanunua, compreremmo tungenunua. Ya kwanza ni ahadi, ya pili ina "lakini" nyuma yake inakuja. M moja tu.

Kwenye mdomo, mbili sio kuirudia mara mbili, ni kuishikilia. Unajua n ya nne, namba nne, unavyoikalia kabla ya kuachia e? Ile ndo nn yao. Ukiweza nne unaweza fanno, vanno, parleranno. Tatizo ni zile zisizo m na n, maana kwetu hazipo. Cade anaanguka, cadde alianguka. Beve anakunywa, bevve alikunywa. Hapo tumia ile habari ya silabi wazi na silabi iliyofungwa. Cade, vuta a, CAA-de. Cadde, kata a fupi, zuia ulimi kwenye d, afu achia. Urefu ukiukosa kwenye d angalau uufupishe kwenye a, Muitaliano atakuelewa.

Na kuanzia Toscana kushuka chini utasikia konsonanti inajirudia hata pale ambapo haijaandikwa, baada ya neno la mkazo wa mwisho. Parlò bene inasikika parlobbene. È vero inakuwa evvero. Ukishuka kusini usishangae, kaskazini huwezi kuisikia.

mtu_wa_Iringa

La mwisho kwangu mkuu. Umesema nikijua io nimejua loro. Sasa hiyo io naijuaje? Nikikutana na considerare kwa mara ya kwanza, infinitive inaniambia con-si-de-RA-re tu, haisemi mzizi utakazwa wapi.

Mleta uzi

Hapo hakuna njia ya mkato na sitawadanganya. Infinitive ya -are inaficha. Mzizi wa silabi moja hauna tatizo, parl-, cant-, compr-, hakuna pa kwenda. Mzizi unaofungwa mwishoni na konsonanti mbili, kama raccomand-, kwa kawaida unakazwa hapohapo, rac-co-MAN-do. Cammin- inaishia na n moja tu, ila cam-MI-no inafuata cam-MI-no ya "njia", jina lake. Na hilo ndo dokezo la pili, kama kitenzi kina jina au kivumishi unachokijua, sikiliza hilo kwanza, ingawa sio kila mara litakubali. Zilizobaki, fungua kamusi nzuri ya Kiitaliano kwa Kiitaliano, huwa wanaweka io yenye alama ya mkazo pembeni ya infinitive, considerare, io consìdero. Kila kitenzi kipya andika hiyo io kwenye daftari, sio infinitive peke yake. Con-SI-de-ro, im-MA-gi-no, OC-cu-po, VI-si-to, LI-ti-go, e-RE-di-to.

Na msiogope, wenyewe wanabishana. Evaporare, kwa mapokeo ni io eva-PO-ro, ila mitaani wengi wanasema e-VA-po-ro. Persuadere inatakiwa per-sua-DE-re na utawasikia watu wazima waliosoma wakisema per-SUA-de-re.

sista_mwanafunzi

Asante sana ndugu. Na telefonare nikitaka kusema "kumpigia"? Telefono kwa io umesema te-LE-fo-no, sasa telefonargli mkazo unarudi LE?

Mleta uzi

Haurudi dada. Kibandiko kinamshika infinitive, na infinitive mkazo wake uko -NA-re. E ya mwisho inaanguka, unapata te-le-fo-NAR-gli, ambayo kwa bahati ni ya pili kutoka mwisho kama zetu. Devo te-le-fo-NAR-gli, lazima nimpigie. Ila ukimwamrisha mtu ampigie, te-LE-fo-na-gli, hapo LE imerudi maana umeanzia kwenye te-LE-fo-na. Na "nikimpigia", te-le-fo-NAN-do-gli. Mazoezi ya leo chukua hizo tatu uzisome kwa sauti, afu weka liberare badala ya telefonare na ci badala ya gli, uniambie mkazo umekaa wapi kwenye kila moja.